Walimsamehe Mama Yangu Kwenye Sahani ya Mwisho

“Sahani hii,” mhudumu akasema, mikono nyuma kama askari wa gwaride, “ni ya mwanamke aliyeninyima chakula.”

Ukumbi mzima ukashusha pumzi kwa huzuni.

Mwanamke mwenyewe alikuwa amekaa kando yangu.

Mama yangu mzazi. Kitambaa cheupe mapajani, mgongo umenyooka, anasubiri kwa adabu kuletewa chakula kilichotungwa ili kumtukana…

Tulieni niwasimulie. Na wale mnaosoma mistari miwili kisha mnakimbilia kutoa maoni, leo kaeni chini. Nyinyi hasa ndio ninaoongea nao.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kukaa kiti cha abiria na kukanyaga breki kabla mtu hajaua mtu. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba siku ile breki zangu mwenyewe ziligoma, mnielewe.

Yule mhudumu hakuwa anasema ya kwake, maskini. Alikuwa amekaririshwa maneno ya mpishi. Na mpishi ni mdogo wangu.

Si wa tumbo moja. Ni mtoto wa mama mdogo, ila kwetu hatuna hesabu hizo. Alikuja nyumbani ana miaka sita, tukalala kitanda kimoja, akavaa soksi zangu, akanitapikia gauni jipya. Huyo ni ndugu.

Sasa hivi ni mtu mkubwa. Ana mgahawa ambao huwezi kuingia kwa kuwa tu umesikia njaa. Unaomba nafasi. Unasubiri. Ukikubaliwa unashukuru kama uliyepata viza. Na ukishaingia huchagui chakula. Unakaa, wanakuletea wanachotaka wao, vijisahani, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kina hadithi yake. Mgahawa ameuita jina la mama yake marehemu, na jina hilo limetariziwa kwenye kila kitambaa cha mezani.

Ukimwita mpishi ananuna. Anasema yeye ni msanii wa ladha.

Sawa. Humu nitamwita Msanii. Na nyinyi mnaojua usanii ni nini, mtanielewa mbele ya safari.

Aliyetualika hakuwa yeye. Alikuwa mkewe, ambaye kwangu ni wifi, na ndiye anayeshughulika na picha, video na waandishi wa habari. Jina limemkaa huyo. Akiingia tu sebuleni kila mtu anaanza kutafuta simu yake.

Wifi alimpigia mama akamwambia kuna chakula cha mchana cha kuzindua sahani mpya, sahani zote ni maisha ya mume wake tangu utotoni, na bila mama mkubwa siku haitakamilika.

Mama alifurahi mpaka nikamwonea huruma.

Msanii alikuwa hajatia mguu nyumbani muda mrefu. Salamu zake zilikuwa kidole gumba kwenye simu. Lakini mama akashona gauni. Akawaambia majirani, na wasio majirani. Asubuhi ya siku yenyewe akakataa chai, ati asije akashiba, akabakisha chakula cha mtoto, akamwaibisha mbele ya wageni.

Kubakisha… laiti angejua.

Tulikuta mlango mzito usio na kibao. Ndani, kuta za saruji tupu. Kwetu tungesema fundi katoroka kazi, pale ndiyo urembo wenyewe. Jiko liko nyuma ya kioo ili uwaone wanavyoteseka. Vijana wamejipanga kimya wanaweka majani kwenye sahani kwa kibano, kile kile cha kung'olea nyusi, na Msanii katikati yao kakunja uso kama daktari wa upasuaji.

Alituona. Akainamisha kichwa kidogo. Hakuja.

Mama akasema ana kazi nyingi.

Sahani ya kwanza ilikuwa jiwe. Sifanyi utani. Jiwe la mtoni, la moto, na juu yake jani moja limekaa kama limepotea njia. Tukaambiwa hiyo inaitwa “Alfajiri”. Tukala jani. Jiwe wakalichukua.

Ya pili ilikuwa povu. Povu la karoti kwenye kijiko kilichopinda, na kabla hujala kuna mtu anakupulizia manukato usoni ili upokee kumbukumbu ya udongo. Mama alipokea akapiga chafya. Meza ya jirani kulikuwa na mchambuzi wa vyakula, skafu shingoni na joto lote lile. Yeye alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari za mbinguni.

Nyuma yetu dada mmoja mwenye taa yake ya duara alikuwa anajirekodi akitafuna jani. Alilitafuna mara tatu, kwa pembe tofauti. Jani la pili na la tatu aliyatoa wapi sijui mpaka leo.

Ya tatu ilikuwa supu ndani ya kichupa cha maabara. Mama akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini kama haya ni maandalizi au ndiyo chakula chenyewe. Nikamwambia avumilie, pengine injini ndiyo inapashwa moto.

Ndipo vikaja visanduku.

Kila mtu na chake. Mbao nyeusi, kufuli dogo, na ufunguo umelazwa pembeni juu ya kimto cha hariri. Unafungua, moshi unatoka, na moshi ukishatawanyika unakuta haragwe moja limepakwa dhahabu.

Haragwe moja.

Mhudumu akaanza maneno yake. Kwamba mpishi alimpoteza mama yake, malaika, akapelekwa kulelewa na ndugu. Kwamba katika nyumba ile kabati la chakula lilikuwa na kufuli. Kwamba mama wa nyumba alimpimia chakula kwa kijiko huku binti yake akila sahani imejaa. Kwamba iko siku, kwa njaa, alitafuna karatasi.

Binti wa sahani iliyojaa… ndiye mimi hapa.

Nikalitazama haragwe. Haragwe likanitazama.

Yule dada wa nyuma akaanza kulia, akaacha kidogo ili asogeze taa, akaendelea.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kabati letu la jikoni halikuwa na kufuli. Halikuwa hata na mlango! Lilikuwa na pazia la maua, na paka alikuwa anapita pale kama mwenye nyumba.

Kijiko, ndiyo. Hilo nalikumbuka. Alipoletwa kwetu alikuwa mifupa na macho. Mama alikuwa anamlisha uji mwepesi kwa kijiko, kidogo kidogo, mchana kutwa, na akilia aongezwe anamkumbatia tu, hamwongezi. Niliuliza kwa nini. Nikaambiwa daktari amekataza, mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu ukimshibisha kwa mkupuo unaweza kumuua. Kisha mama alikuwa anaingia bafuni, anafungulia maji, anakaa huko mpaka macho yamekuwa mekundu.

Nikaanza kuinuka kwenye kiti.

Mama akaniwekea mkono juu ya goti.

“Kaa. Watu wanakula.”

“Wanakula nini, mama?”

Mama alifungua kisanduku chake, akala haragwe lake, akafuta mdomo.

Mama yangu alikuwa karani wa mahakama mpaka anastaafu. Maisha yake ya kazi alikaa chini ya hakimu akisikiliza watu wanaapa na kudanganya kwa pumzi ile ile, na uso wake hausemi kitu. Uso ule ndio alioutoa siku ile akauvaa. Mimi nilibaki na wangu, ambao wanafunzi wangu wanaujua, na wakiuona wanazima gari wenyewe.

Sahani ziliendelea kuja. Samaki aliyepikwa ndani ya nta. Aiskrimu ya viazi. Kitu cheusi kilichoitwa “Upweke” ambacho naapa kilikuwa mkate ulioungua. Katika kila kimoja yule mwanamke mbaya alikuwemo: mara ananyima, mara anafoka, mara anazima taa. Watu wazima, wenye saa nzuri na elimu zao, walikuwa wanatafuna mkate ulioungua wakipangusa machozi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mtoto aliyelishwa haragwe moja alipataje mabega yale.

Sahani ya mwisho ilikuwa tupu.

Tupu kabisa, nyeupe, imepakwa asali nyembamba usiyoiona. Tukaambiwa tuilambe kwa kidole. Jina lake “Msamaha”.

Mchambuzi akalamba. Dada wa taa akalamba. Mimi sikulamba.

Hapo mlango wa jiko ukafunguka. Msanii akatoka, akavua aproni polepole kama anavua minyororo, na Wifi akasimama kwenye nguzo na kamera begani. Sasa nikaelewa kwa nini meza yetu ilikuwa katikati ya ukumbi, chini ya taa kubwa kuliko zote.

Aliongea kwa sauti ya kutetemeka ambayo nyumbani hatujawahi kuisikia. Akasema amebeba maumivu haya muda mrefu. Akasema chakula ni uponyaji. Akasema yule mwanamke yumo humu ndani leo.

Ungesikia watu walivyovuta pumzi…

Akaja mpaka mezani kwetu. Akapiga goti. Akashika mkono wa mama yangu, ule ule uliokuwa unashika kijiko.

“Mama mkubwa,” akasema, uso umeelekea kamera, “nimekusamehe.”

Simu zote juu.

Mama akamuuliza, taratibu, kama anavyouliza mtoto yeyote anayeingia kwake:

“Wewe leo umekula?”

Hilo halikuwa kwenye maneno aliyoyapanga Msanii. Akakumbuka kamera, akamkumbatia mama. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Walidhani ile ni toba.

Mama aliomba mkoba wake, akasema ahsanteni, tukatoka.

Ndani ya gari sikuwasha. Lilikuwa gari la shule ya udereva, lile lenye breki upande wa abiria pia, na mama alikuwa amekunja miguu kama kawaida yake asije akaikanyaga kwa bahati mbaya. Nilisema mengi ambayo sitayaandika humu. Aliniacha nimalize.

“Kufuli lilikuwepo,” akasema. “Ila si kwetu.”

Akanieleza jambo ambalo nimelala nalo nyumba moja ujana wangu wote bila kulijua.

Mama mdogo aliachwa na mumewe bila kwaheri. Baada ya hapo akaanza kusikia vitu. Akaacha kufungua mlango. Jirani mmoja akapiga simu mahakamani kumtafuta mama, mama akapanda basi siku ile ile, wakavunja mlango yeye na yule jirani. Mtoto walimkuta sakafuni jikoni, karatasi ya sabuni mdomoni. Kabati lilikuwa limejaa chakula, kufuli limening'inia, na ufunguo mama mdogo alikuwa ameuvaa shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kitandani, macho wazi. Alimsihi dada yake asifungue. Alisema chakula kile kimetiwa sumu, kuna watu wanataka kumuua mwanawe.

“Alikuwa anamlinda,” mama akasema. “Kichwani mwake alikuwa anamlinda.”

Alilazwa hospitalini, lakini hakurudi mzima, na miaka michache baadaye akafia huko huko. Kabla ya hapo, siku moja akili ilipomtulia, akakumbuka alichofanya. Akamwomba dada yake kitu kimoja, mtoto asijue kamwe. Mama akaapa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale ukumbini, mbele ya wale walamba sahani wote.

Akasema mtoto wa miaka sita huchanganya nyumba. Anakumbuka kufuli, hakumbuki mlango. Na akasema dada yake kilichobaki duniani ni lile jina kwenye vitambaa, sasa yeye ndiye alifute?

Nikawasha gari. Nilipitiliza taa nyekundu siku hiyo, mimi, mwalimu.

Video ikaruka. Mliiona. Najua mliiona kwa sababu nilisoma mlichoandika, wote, mpaka wale mnaotumia picha za maua badala ya sura zenu. Mkamwita mama yangu mchawi wa haragwe. Mmoja wenu akaandika kwamba mwanamke mwenye sura ile anajulikana tu, ana roho kavu. Ndugu yangu, sura ile ni ya mtu aliyekaa tangu asubuhi bila chai.

Hayo tungeyameza. Maneno hayavunji mfupa.

Lakini mama, tangu astaafu, alikuwa anakwenda kila siku shule ya chekechea ya mtaani kwetu kusimamia chakula cha watoto. Hakuna aliyemtuma. Anapenda tu. Anajua nani hali karoti, nani anaficha mkate mfukoni kumpelekea mdogo wake. Wiki moja baada ya video, wazazi wakamtuma mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akazunguka maneno kama mwanafunzi anayeegesha gari kwa mara ya kwanza, mbele, nyuma, mbele, mpaka akafika: wazazi wana wasiwasi. Kwa sasa ingekuwa vizuri mama apumzike.

Mama alirudi nyumbani na aproni yake imekunjwa mkononi. Akaiweka kwenye kabati. Akaenda bafuni, akafungulia maji.

Nilisimama nje ya mlango ule, mtu mzima mimi, nisijue la kufanya.

Wakaja Jumapili mchana, Msanii na Wifi. Walipiga simu kabla, wakasema wana mazungumzo. Mama akadhani mtoto amesikia habari za shule, anakuja kuomba radhi. Akapika. Samaki mzima, viazi, mboga, matunda. Msanii alikula kama mtu. Hakuuliza hadithi ya samaki.

Walichokuja kusema kilisemwa na Wifi, simu mkononi. Ile siku imependwa kupita walivyotarajia. Nafasi zimejaa. Ila wageni wakifika kwenye sahani ya mwisho wanauliza, yule mama yuko wapi? Wengine wametoka mbali kumwona. Kwa hiyo wamefikiria, kama mama hatajali, awe anakuja kila Jumamosi mchana. Akae pale pale chini ya taa. Wala hatalazimika kusema kitu. Gari litamfuata.

Yaani mama yangu awe anasamehewa kila wiki. Kama kipindi cha redio.

Nikacheka. Kweli nilicheka, kile kicheko kibaya. Wifi akanitazama kama mimi ndiye mwenye kasoro.

Mama hakucheka. Aliweka uma chini. Nadhani ndipo alipoona kwamba anachokilinda kinaendelea kumla yeye, na huyu mtoto anatembea na uongo asioujua. Akamhurumia. Nawaambia, hata wakati ule alimhurumia. Akamwita karibu, akamwambia kuna jambo alipaswa kulisikia zamani, na alisikie kwa upole. Akamweleza. Mlango uliovunjwa, kabati, ufunguo shingoni, karatasi mdomoni. Alieleza kwa sauti ya chini, akichagua maneno, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

Msanii alisikiliza mpaka mwisho. Akachukua kipande kingine cha samaki.

“Najua, mama mkubwa.”

“Unajua nini?”

“Yote. Ufunguo ulikuwa na uzi mwekundu. Nilikuwa na miaka sita, sikuwa kichanga.”

Mama hakuwa ametaja uzi.

Nilimwona anashika ukingo wa meza. Sijawahi kumwona mama yangu akitafuta kitu cha kushika, hata siku tuliyomzika baba.

“Sasa kwa nini mimi?” akauliza.

Msanii alimtazama mkewe. Mkewe alitazama simu. Basi akajibu mwenyewe, na mniamini, hakujibu kwa ubaya. Alijibu kama anayemweleza mtu jambo la kawaida la kazini.

“Watu hawalii kwa ajili ya mgonjwa, mama mkubwa. Wanataka mtu mbaya. Na mama yangu siwezi kumfanya mbaya. Nikawaza, ni nani nikimsema hatanikana…” Akatabasamu kidogo. “Nikakuona wewe.”

Alisema kama anampa sifa.

Mnaona? Hakumchagua kwa sababu alimchukia. Alimchagua kwa sababu katika dunia nzima ndiye mtu pekee aliyekuwa na hakika naye. Alipima upendo wa mama yangu, akauona ni mzito, akasema huu utabeba mzigo wangu.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa na sahani mkononi na sikumbuki nilitaka kuifanyia nini.

Mama akanyoosha kiganja, niketi. Kisha akamwambia Msanii amalize samaki wake.

Na akamaliza! Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alikaa pale, mbele ya uso ule, akachambua miiba, akamaliza.

Aliponawa mikono, mama akaongea. Ule uso wa mahakamani ulikuwa umerudi, lakini safari hii hakuwa karani.

“Nilimwapia mama yako kumficha ukweli mtoto asiyejua,” akasema. “Mtoto huyo hayupo. Kwa hiyo kiapo kimekwisha.”

Wifi akaacha simu.

“Jumamosi siji. Na wewe hapa usinigongee mlango mpaka uwe umesema ukweli mbele ya watu wale wale, kwa mdomo ule ule.”

Msanii akajaribu maneno mawili matatu, kwamba mama mkubwa amekasirika, kwamba wataongea hasira zikipoa. Mama alikuwa ameshafungua mlango. Aliwasindikiza mpaka ngazi ya mwisho, maana adabu yake haiishi hata kwa watu wa namna ile, akawaaga, akarudi ndani, akaanza kukusanya vyombo.

Nilimsaidia. Vyombo vilipokwisha akakausha mikono, akaniuliza kama simu yangu ina chaji.

Nikasema inayo.

“Andika,” akasema. “Andika yote.”

Nimeandika. Amesoma kabla yenu, miwani kwenye ncha ya pua. Nilikuwa nimemwita Msanii majina matano ambayo mama ameyafuta yote, akaniachia hili moja. Na mahali nilipoandika kwamba mama mdogo alimfungia mtoto chakula kwa ukatili, alinirudishia simu akanitaka nirekebishe. Alikuwa mgonjwa. Andika mgonjwa.

Basi nimeandika mgonjwa. Kwa sababu mama mdogo alifunga kabati kwa akili isiyokuwa yake. Huyu wa visanduku ana akili timamu, na mke timamu, na kamera.

Msidhani nawapa mwisho mtamu. Mgahawa bado umejaa. Haragwe bado linapakwa dhahabu. Yule mchambuzi wa skafu ameandika kwamba “Msamaha” ni sahani ya mwaka, na sahani yenyewe haina kitu. Jumamosi iliyopita, nasikia, kwenye kiti cha mama waliweka mwanamke mwingine. Wa kukodi. Wageni walilia vile vile.

Chekechea hawajapiga simu bado. Namba ya mwalimu mkuu ninayo, na baadhi ya wazazi wamo humu, wanasoma hapa hapa wakijifanya wanapita. Nawaona.

Funzo langu ni fupi, mtalimudu hata nyinyi. Mtu mzima mwenye afya yake akikusimulia jinsi alivyonyimwa chakula utotoni, usikimbilie kulia. Kwanza muulize ni nani aliyemlisha mpaka akafikia kusimulia.